Kivuli cha Kipupwe

Ijumaa ya pili ya mwezi wa tano mwaka huu, baada ya swala ya alasiri, tulimzika mke wangu Mwanaidi. Mvua za masika zilikuwa zinamalizikia na udongo ulikuwa laini. Naandika hili kwanza, mwanangu, ili ukinisikia nacheka huko mbele usidhani sina msiba. Msiba ninao. Lakini siku ninayoikumbuka kila nikiamka ni siku ya kicheko, na aliyeanza kucheka ni Mwanaidi mwenyewe, wakati sisi wawili tulistahili kulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuja Dar kutoka Masasi na darasa la saba langu, nikapokewa katika studio ya picha ya Mzee Kondo, hapa hapa Kariakoo. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na maua ambayo hakuna aliyewahi kuyaona yakiota popote. Watu walisimama mbele ya maporomoko yale wamevaa miwani ya jua ya studio, wakapigwa picha, wakazituma kwao. Nami niliamini hiyo ndiyo kazi ya picha: kumpa mtu kile anachotaka aonekane nacho.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wetu, ilikuwapo nyumba ya Bi Shuwena. Alikuwa mama wa Kiarabu, familia yao wauza vitambaa tangu enzi za baba yake, na alizaliwa katika nyumba ile ile. Mbele ya baraza ulisimama mti wa mkungu ambao baba yake aliupanda, na matawi yake yalikaa ghorofa ghorofa kama mkungu unavyokuwa. Watoto wa mtaa waliokota kungu chini yake, wakazipasua kwa mawe wale kokwa. Barazani, nyuma ya cherehani, alikaa msichana aliyemshonea Bi Shuwena mashuka na foronya. Huyo ndiye Mwanaidi. Tulijuana kwa salamu tu. Nikimwambia, "Habari za kazi?" ananijibu, "Kazi unaiona. Habari sina."

Mwanzoni mwa mwaka Bi Shuwena alivuka barabara kuja kwa Mzee Kondo. Dada yake, Bi Salha, alikuwa ameolewa Maskati miaka mingi, na sasa macho yalikuwa yanamwisha. Madaktari walishamwambia hakuna dawa. Aliandika barua akaomba kitu kimoja: picha nne za mkungu wao, moja ya kiangazi, moja ya masika, moja ya kipupwe na moja ya vuli, auone mwaka mzima wa nyumbani kabla macho hayajafunga. Jamaa yao angesafiri mwisho wa mwaka, naye ndiye angezibeba.

Mzee Kondo akanipa filamu ya rangi, kitu adimu siku zile. Akaniambia, "Issa, utasimama hapa mlangoni, pasipo kuhama. Msimu ukifika, piga. Usipofika, ngoja. Mti hauna haraka."

"Nimeelewa, mzee."

Sikuelewa. Filamu ile niliimalizia kivukoni Magogoni, nikiwapiga picha vijana wenzangu wakiwa wameegemea kingo za pantoni kama wenye pantoni. Kila nilipoukumbuka mkungu nilijiambia, upo tu, hauendi popote. Kiangazi kikapita. Masika yakapita. Kipupwe kikapita. Na kweli, mwanangu, mti haukwenda popote. Kilichokwenda ni mwaka.

Mwezi wa kumi na mbili, ikiwa imebaki wiki moja msafiri aondoke, Bi Shuwena aliniita kutoka barazani kwake.

"Issa, picha za dada yangu zi tayari?"

"Bado kusafishwa tu, Bi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini pale mwanzoni huonekana pana na imetiwa lami.

Mchana huo Bi Shuwena alipoingia ndani kulala, nilimwendea Mwanaidi nikamweleza yote. Alinitazama kama anayetazama mshono uliopinda.

"Sasa mimi nikusaidieje? Nikushonee masika?"

"Unaweza?"

Akautazama mti kuanzia shina hadi matawini. Huo ndio uliokuwa udhaifu wake hadi uzeeni: ukimwonyesha jambo lisilowezekana, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye mkasi.

Kwa siku mbili, kila Bi Shuwena alipolala baada ya chakula cha mchana, tulitengeneza misimu. Filamu niliazima kwa rafiki yangu mmoja wa Ilala. Kwa masika tuliumwagia mti ndoo nane za maji, tukailowesha na barabara, Mwanaidi akasimama chini yake na mwavuli. Kwa kipupwe alivaa sweta zito la kaka yake, akajikunyata, akavuta khanga mabegani. Kwa kiangazi, wakati ambapo majani ya mkungu hugeuka mekundu kabla ya kupukutika, alikata majani ya kitambaa chekundu, mimi nikapanda nikayafunga kwa uzi kwenye tawi la chini. Vuli hatukuitengeneza, kwa kuwa ilikuwapo. Wapita njia walisimama kutushangaa. Mbeba mizigo mmoja aliuliza kama mti unaolewa. Nilipoziona picha zimetoka, nilijipongeza. Nimeumaliza mwaka kwa siku mbili.

Nikazipeleka barazani. Bi Shuwena alizipanga zote nne juu ya foronya nyeupe, akavaa miwani yake. Mwanaidi aliinamia cherehani akashona kwa bidii ambayo sijawahi kuiona tena.

Bi Shuwena akagusa ya kwanza. "Hii?"

"Masika, Bi."

"Mvua inanyesha?"

"Ilikuwa inanyesha, Bi. Kubwa."

"Na kivuli hiki cha mti kimetoka wapi, ikiwa mvua ilikuwa kubwa?"

Akagusa ya pili.

"Hiki ni kipupwe. Mwanaidi kavaa sweta, kapendeza. Jasho hilo shingoni ni la baridi?"

Cherehani ikasimama.

Bi Shuwena akainuka. Alikuwa mnene na magoti yalimsumbua, lakini alishuka barazani, akatembea hadi ukingo wa mtaro, akaonyesha chini kwa ncha ya kandambili. "Issa, njoo hapa. Kipupwe jua linapita upande ule, nyuma ya nyumba. Adhuhuri kivuli cha mti huu kinalala hapa, barabarani. Hapa ndipo mama yetu alipotutandikia mkeka, mimi na Salha. Likija joto, jua linahamia huku, na kivuli kinaingia barazani, nasi tunakifuata na mkeka wetu. Utoto wetu wote tumehama na kivuli hiki. Sasa wewe kwenye picha zako misimu yote minne kivuli kiko mlangoni kwangu. Mwaka gani huo?"

Mwanangu, mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya mti ule miaka miwili, na sikujua kwamba kivuli chake kinahama upande. Nilidhani kivuli ni kivuli.

Bi Shuwena akarudi, akachukua ya tatu, akaisogeza puani. "Na haya majani mekundu nayajua. Hii satini yangu. Nilikuwa naitafuta."

Hapo ndipo Mwanaidi alipocheka. Alijaribu kuzuia kwa upindo wa khanga, ikashindikana, akacheka hadi akaegemea ukuta. Nami kicheko kikanipata, nusu woga, nusu aibu. Hata Bi Shuwena midomo ilimcheza. Lakini ilimcheza kwa muda mfupi. Akakaa, akavua miwani, akaniambia kwa sauti ya chini maneno ambayo sijayapoteza.

"Salha kaomba mwaka mmoja wa nyumbani. Wewe unampelekea siku moja uliyoivisha nguo nne. Na angeamini, Issa. Macho yake hayawezi tena kuona kivuli kiko wapi. Mimi ninayeweza kukukamata si wa kuogopwa. Muogope yule asiyeweza."

Nikaomba radhi. Hakuniambia nimesamehewa. Alichukua ile ya vuli, iliyokuwa ya kweli, akampa msafiri. Zile tatu akazirudisha mkononi mwangu. "Hizi utanipa kila moja kwa wakati wake. Mwanaidi atakaa kwenye picha, awe shahidi. Na kwa kuikata satini yangu atanishonea foronya sita."

Basi nikaanza kujifunza kungoja. Kiangazi kile nilitazama majani yakibadilika, moja huku, mawili kule, mpaka asubuhi moja mti mzima ukawa umewiva, na chini barabara imejaa rangi kama mtu kamwaga mabunda ya vitenge. Mwanaidi alikaa kwenye benchi tulilolitoa barazani, fagio mkononi, maana Bi Shuwena alikuwa amemtuma kufagia. Masika nilipiga picha nikiwa nimeifunika kamera kwa mfuko wa nailoni, na kweli hakukuwa na kivuli, mti na nyumba na barabara vyote vilikuwa rangi moja. Mwanaidi alilowa hadi magotini. "Sasa hii ndiyo mvua," alisema. "Ile yako ilikuwa ya kuogea."

Kati ya msimu na msimu tulikuwa hatuna kazi na mti, lakini niliendelea kuvuka barabara kuutazama. Unajua mwenyewe nilikuwa natazama nini.

Kipupwe kikafika. Kivuli kilitoka mlangoni kwa Bi Shuwena pole pole, siku kwa siku, kikapita shina, kikaanza kuelekea kwetu studio. Nilikipima kwa chaki. Siku kilipofika ukingo wa mtaro, pale pale palipoonyeshwa kwa kandambili, tulilibeba benchi tukaliweka juu yake. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Mwanaidi akakaa, bila sweta. Nilipiga picha, nikavuka, nikamwambia nataka awe shahidi wangu na mwaka unaofuata, na ule wa baada yake.

"Utaleta washenga," alisema, "au utawashona?"

Nilileta washenga. Bi Shuwena ndiye aliyepika pilau.

Picha ile ya kipupwe ilikuwa ya mwisho kufika Maskati. Macho ya Bi Salha yalikuwa yamefunga kabisa wiki chache kabla, siwezi kukuficha. Nilimchelewesha mimi. Binti yake aliandika kwamba mama aliishika kwa mikono miwili na akauliza jambo moja: kivuli kiko wapi? Akaambiwa, kiko barabarani. Akasema, "Basi ni kipupwe. Mwambieni Shuwena atandike mkeka." Bi Shuwena alinisomea barua ile mwenyewe, akaikunja, akaenda ndani kutafuta mkeka. Siku hiyo alikaa barabarani mpaka alasiri, na mikokoteni ikampitia kando.

Tangu hapo mimi na Mwanaidi hatukuacha. Kila mwaka picha nne, mahali pale pale. Mzee Kondo akatutoka, Bi Shuwena naye akatutoka, Mungu awarehemu. Studio ikawa duka la mapazia, lakini wenye duka wananijua, wananiachia mlango na kunitunzia benchi. Nyumba ya Bi Shuwena sasa imebanwa na maghorofa mawili, na barazani panauzwa makava ya simu. Mkungu upo. Jua halifiki tena asubuhi wala jioni, ila adhuhuri linashuka katikati ya maghorofa, na kivuli kinakwenda zake barazani na barabarani kama zamani. Albamu zimejaa. Ukizifunua haraka unamwona Mwanaidi akinenepa, akivaa miwani, akishika watoto kisha akishika wajukuu, na kivuli kinaingia na kutoka kama mtu anayepumua.

Ya mwisho tuliipiga mwezi wa nne mwaka huu, masika. Alikuwa amekonda sana. Mjukuu wetu Nasra alimshika mkono hadi kwenye benchi, akamfungulia mwavuli. Nilichelewa kidogo na simu, vidole vyangu vizito.

"Piga, baba," Mwanaidi aliniita. "Hii mvua si ya ndoo."

Mwezi uliofuata tukamzika.

Baada ya arobaini Nasra alikuja kuniona nyumbani Ilala. Ni binti wa chuo, mpole, na alimpenda bibi yake kupita kiasi. Alijua kipupwe kimefika na kwamba sijaenda kwenye mti. Akakaa miguuni pangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, twende ukapige picha ya benchi tupu. Nikirudi nayo, bibi namweka mimi kwa simu. Namchukua kwenye picha ya kipupwe cha mwaka jana. Kivuli ni kile kile, nguo namtafutia nyingine. Hakuna mtu atakayejua."

Alinionyesha. Alikuwa ameshajaribu kwenye ile ya mwaka jana. Mwanaidi alikuwa amekaa pale, amevaa gauni la kijani ambalo hakuwahi kuwa nalo, na kivuli kimelala barabarani, mahali pake hasa. Hata Bi Shuwena asingekamata.

Mwanangu, sitakudanganya. Niliitaka. Niliishika simu ile muda mrefu, na nikamwambia Nasra nitafikiri. Siku tatu nilifikiri. Nilijiuliza, namdhulumu nani? Halafu nikamwona niliyekuwa namdhulumu. Macho yangu nayo yameanza kuingia ukungu. Baada ya miaka kumi, Mungu akinipa, nitaifunua albamu nisione vizuri, nitamwona mke wangu amekaa kwenye kipupwe hiki, na nitaamini. Nitaamini alikuwapo. Nami mwenyewe ndiye nitakayekuwa Bi Salha, nimeletewa msimu wa kushonwa, na sina uwezo wa kukamata.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliye kijana. Msimu wako upige picha ukiwa ndani yake. Ukiwa wa mvua, lowa. Ukiwa wa majani mekundu, chukua fagio. Usiseme upo tu hauendi popote, kwa sababu ni kweli hauendi, unayekwenda ni wewe. Na ukifika msimu wa benchi tupu, ambao kila apendaye ataufikia, usiuvishe nguo. Mficha maradhi kilio humuumbua. Lia, kisha utazame, maana na wenyewe una kivuli chake na una mahali pake katika mwaka. Asiyeweza kukukamata, awe dada aliye mbali, awe marehemu, au awe wewe mwenyewe ukizeeka, huyo mwambie kweli kuliko wote. Mungu akupe macho ya kuona kivuli kikihama, akupe na wa kuhama naye, na siku ya kumsindikiza akupe watu wa kushika jeneza upande wa pili. Amina.

Sasa nimalizie kilichotokea Jumapili iliyopita.

Nilikwenda na Nasra. Nilimwambia njiani kwamba bibi hatumweki, naye akalia kidogo, akafuta uso, akasema, "Sawa babu." Tulilibeba benchi tukaliweka kwenye kivuli, ukingoni mwa mtaro. Nikarudi kwenye mlango wa duka la mapazia, nikainua simu. Benchi lilikuwa tupu.

Kabla sijapiga, akatokea mama mmoja na mzigo wa vitenge kichwani, mtu wa kutoka mikoani amekuja kununua mali. Akautua mzigo, akashusha pumzi, akakaa katikati ya benchi kama lake. Akavua kiatu kimoja, akaanza kusugua kisigino. Nasra akataka kwenda kumwinua. Nikamzuia.

Yule mama akaniona. "Shikamoo mzee. Nimekaa kwenye picha yako? Nipishe?"

Lafudhi ilikuwa ya kwetu kusini. "Marahaba, mama. Kaa hapo hapo."

"Na hiki kiatu?"

"Na kiatu."

Akacheka, mkono mmoja kisiginoni. Nikapiga.

Nasra akaitazama ile picha, akanishika bega. Yule mama akasogea pembeni ya benchi, akapiga ubao kwa kiganja.

"Mzee, umesimama juani na kivuli kipo. Njoo ukae."

Miaka yote ile nilikuwa nasimama ng'ambo. Nikamwachia Nasra simu, nikangoja mkokoteni upite, nikavuka barabara nikakaa.